Kiti cha saa tano na nusu usiku: kwa nini wanawake hawadumu juu yake?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Mwanza. Kituo kimoja cha televisheni kimeniomba niandae pendekezo la kipindi cha mazungumzo na vichekesho, kirushwe Ijumaa usiku. Mzee mmoja ninayemheshimu kazini kanikatisha tamaa. Anasema hata Marekani, walikoanzisha vipindi hivi, hakuna mwanamke, kwa sababu usiku watu hawataki kuchekeshwa na mwanamke. Nimeingia YouTube, na kweli naona wanaume tu: Fallon, Kimmel, Colbert na Meyers. Je, mzee yuko sahihi? Na nikipewa nafasi hiyo, niichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufikiriwa. Mzee wako ameona jambo la kweli, ila sababu aliyoitoa haishikiki.

Ukweli wenyewe ni huu. The Tonight Show, kipindi kikongwe kuliko vyote vya aina hiyo, kilianza 1954 na hakijawahi kuwa na mwendeshaji wa kudumu mwanamke. Steve Allen, Jack Paar, Johnny Carson, Jay Leno, Conan O'Brien, Jimmy Fallon, wote wanaume. Mwaka 2015 jarida la Vanity Fair liliwakusanya waendesha vipindi vya usiku kwa ajili ya picha, kuonyesha jinsi uwanja huo ulivyostawi. Walitokea wanaume kumi ndani ya suti, na mwanamke hata wa dawa hakuwemo. Na si kwamba wanawake hawakuwahi kufika. Kabla The Tonight Show haijazaliwa, mwigizaji Faye Emerson alikuwa tayari na kipindi chake cha usiku, kuanzia 1949. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nini kinachowapata wakishafika.

Tazama kwanza kipindi chenyewe kinavyofanya kazi. Saa 5 usiku vituo vya mikoani Marekani hurusha taarifa ya habari. Saa 5:35 mitandao mikuu ya televisheni, yaani NBC, CBS na ABC, inachukua hewa. Mtu mmoja anatoka nyuma ya pazia, anasimama na kufanyia mzaha habari za siku hiyo, kisha anakwenda kukaa nyuma ya meza. Wageni wanaingia mmoja mmoja na kukaa kwenye kochi, bendi inapiga, basi. Kesho tena, keshokutwa tena. Kinachouzwa pale ni mazoea. Mtazamaji amekwisha kuvua viatu, pengine yuko kitandani, na anataka kuona sura aliyoizoea kabla hajalala. Mazoea ya namna hiyo hayajengwi kwa mwezi mmoja wala mitatu.

Ndiyo maana anayekaa pale hukaa sana. Carson alishika kipindi chake kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992. David Letterman alifanya miaka 33 kwa jumla, NBC kisha CBS. Jimmy Kimmel yupo ABC tangu 2003. Mitandao mikuu ni mitatu, viti vya saa hiyo kwa miaka mingi vimekuwa vitatu, na kila kimoja hufunguka mara moja kwa miaka kumi au ishirini. Kikifunguka, wanaoamua nani akikalie ni watu wachache mno, na hao nao huchagua mtu wanayemjua.

Sasa nikueleze kwa kirefu kisa cha mchekeshaji Joan Rivers, kwa maana kila anayesema maneno ya mzee wako hukiegemea hata kama hakijui.

Rivers alitokea kwa Carson mara ya kwanza tarehe 17 Februari 1965. Carson akamwambia palepale hewani kwamba atakuwa nyota, na akawa kweli. Mwaka 1983 akateuliwa kuwa mwendeshaji mbadala wa kudumu: Carson akienda likizo, naye alikuwa na likizo nyingi, Rivers ndiye anayekaa mezani. Meza ileile, saa ileile, watazamaji walewale. Kama Wamarekani wasingetaka kumwona mwanamke saa hiyo, NBC wangelijua jambo hilo mapema sana. Badala yake waliendelea kumweka pale kwa miaka mitatu. Hata hivyo, Rivers alisimulia kwamba orodha ya watu waliofikiriwa kumrithi Carson ilipotengenezwa, jina lake halikuwemo.

Wakati huo Fox ndiyo kwanza ilikuwa inaanzisha mtandao wake. Ikamwita, akaenda. The Late Show Starring Joan Rivers kilianza kurushwa tarehe 9 Oktoba 1986, kikiwa kipindi cha kwanza kabisa cha mtandao huo. Carson alijiona amesalitiwa. Kwa maelezo ya Rivers, alimpigia simu, Carson akakata, na hawakuzungumza tena. Fox yenyewe ilikuwa changa. Vituo vingi vilivyojiunga nayo vilikuwa vidogo, na mtu alihitaji bidii kuvitafuta. Ndani ya jengo nako hakukuwa na amani. Mume wa Rivers, Edgar Rosenberg, ndiye aliyekuwa mtayarishaji mkuu, na wakubwa wa Fox hawakuelewana naye. Walipotaka aondolewe, Rivers alikataa kumwacha. Mei 1987 kibarua cha wote wawili kikaota nyasi. Miezi saba tu tangu waanze. Agosti mwaka huohuo Edgar alijiua.

The Tonight Show ikamfungia mlango, na mlango ukabaki umefungwa enzi za Leno na za Conan pia. Alipokanyaga tena jukwaa lile, kwa sekunde chache usiku wa kwanza wa Fallon, ilikuwa 17 Februari 2014, miaka 49 kamili tangu siku ile Carson alipomtabiria. Septemba mwaka huo akafariki. Sijaweza kukizoea kisa hiki, na sitaki kukizoea.

Kuna sehemu yake ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1989 Rivers alipewa kipindi cha mchana, na 1990 akashinda kwa kipindi hicho tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana. Mwanamke yuleyule, ulimi uleule. Weka hapo kando yake kisa cha Letterman. Mwaka 1980 NBC ilimpa kipindi cha asubuhi, kikafutwa baada ya miezi minne hivi. NBC haikumwacha aende zake. Ilimshikilia kwa mkataba, na Februari 1982 ikamkabidhi Late Night, kipindi kipya kinachoanza mara Carson anapomaliza. Mwanamume aliyekwama asubuhi alipandishwa usiku. Mwanamke aliyekwama usiku alirudishwa mchana.

Letterman alipohamia CBS mwaka 1993, nafasi yake ilikwenda kwa Conan O'Brien. Huyu alikuwa mwandishi wa vichekesho ambaye watazamaji wengi hawakuwa wamewahi kumwona usoni. Alianza Septemba, na wahakiki wakamchanachana. Takwimu za watazamaji hazikuridhisha, na wakuu wa NBC walifikiria kumtoa. Lakini waliendelea kumwongezea muda, wiki 13, halafu wiki 13 nyingine. Ni namna ya kufanya kazi inayonyima mtu usingizi, najua, ila ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Rivers hakukipata Fox. Conan alijifunza kazi akiwa hewani, akapata sauti yake, akakaa pale miaka 16. Leo anahesabiwa miongoni mwa magwiji.

Septemba hiyohiyo ya 1993 Fox walijaribu tena usiku, safari hii na mwigizaji Chevy Chase, jina kubwa wakati ule. Kipindi kilidumu wiki tano. Hakuna mkuu yeyote wa televisheni aliyetoka pale akitangaza kwamba wanaume hawafai kuendesha vipindi vya usiku. Walisema Chevy Chase hakufaa, basi. Hili ndilo ningependa umjibu nalo mzee wako: mwanamume akianguka anaanguka kwa jina lake, mwanamke akianguka anahesabiwa ameanguka na wenzake wote, hata ambao hawajazaliwa.

Kuhusu watazamaji, kuna ushahidi mwingine ulio mkubwa zaidi. Tarehe 8 Septemba 1986, mwezi mmoja tu kabla Rivers hajaanza Fox, Oprah Winfrey alianza kurushwa Marekani nzima. Alidumu hadi Mei 2011. Miaka 25 watu waliketi na mwanamke saa nzima kila siku ya kazi, wakacheka naye, wakalia naye, wakanunua vitabu alivyowaambia wavinunue. Ila hiyo ilikuwa mchana. Saa za mchana zilirithiwa kutoka redioni, ambako tangu miaka ya 1930 watengenezaji wa sabuni walidhamini michezo iliyolengwa kwa mama aliyeko nyumbani. Mchana ukahesabiwa kuwa wa wanawake, na usiku ukachukua sura ya ukumbi wa starehe: suti, meza, bendi, mzaha wa wanaume. Mpaka huo waliuchora wauza matangazo, na waliokuja baadaye wakaukuta wakadhani ndivyo maumbile yalivyo. Hata Ellen DeGeneres, ambaye Carson alimwita kwenye kochi mara ya kwanza tu alipotokea mwaka 1986 (heshima ambayo hakuna mchekeshaji mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake), alipokuja kupewa kipindi kikubwa mwaka 2003 alipewa cha mchana.

Usidhani pia kwamba kizuizi kipo kwenye kiti peke yake. Kipo kwenye njia nzima ya kukifikia. Zamani njia hiyo ilipita kwa Carson mwenyewe. Mchekeshaji akimfurahisha, maisha yake yanabadilika usiku mmoja. Naye Carson, katika mahojiano ya 1979, alieleza waziwazi kwamba mwanamke anayesimama kutoa vichekesho anapambana na sura ya upole ambayo watu wanaitarajia kwake. Mtu mwenye mawazo hayo ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo.

Baadaye njia ikapita Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha NBC, hasa kwenye meza ya habari za mzaha inayoitwa Weekend Update. Hapa pachunguze vizuri. Kuanzia 2000 walikaa pale Tina Fey na Jimmy Fallon. Fallon alipoondoka 2004, akaingia Amy Poehler kukaa na Fey. Fey alipoondoka 2006, Poehler akakaa na Seth Meyers. Watu wanne, meza moja, kazi ileile ya kusoma habari na kuzichekea. Fallon akapewa Late Night mwaka 2009, kisha The Tonight Show. Meyers akamrithi Late Night mwaka 2014. Fey na Poehler wakaenda kwenye tamthilia za vichekesho, wakang'ara, na sidai kwamba walikilalamikia kiti. Ninachosema ni kwamba Lorne Michaels, mtayarishaji wa Saturday Night Live, ndiye pia mtayarishaji wa Late Night, na njia iliyowapeleka kule wanaume wawili wa meza ile haijampeleka mwanamke hata mmoja.

Halafu kuna chumba cha waandishi, ambacho mtazamaji hakioni. Vichekesho vya kila usiku huandikwa na kundi la watu, na wengi wanaokuja kuwa waendeshaji hutoka humo. Mwaka 2009 mwandishi Nell Scovell, aliyewahi kumwandikia Letterman, alichapisha makala iliyowaumbua wengi. Alitazama vipindi vitatu, cha Letterman, cha Leno na cha Conan, vyenye waandishi wapatao 50 kwa pamoja. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Na hilo lilitokea ilhali Late Night ya Letterman ilisukwa na mwanamke, Merrill Markoe, aliyekuwa mwandishi wake mkuu mwanzoni. The Daily Show nayo, ambayo sisi Waafrika tuliifuatilia kwa hamu Trevor Noah alipokabidhiwa mwaka 2015, iliundwa mwaka 1996 na wanawake wawili, Lizz Winstead na Madeleine Smithberg. Waliokabidhiwa kiti kwa kudumu walikuwa Craig Kilborn, Jon Stewart na Noah.

Dawa ya chumba hicho inajulikana, na si ngumu. Samantha Bee alipoanzisha Full Frontal kwenye TBS, Februari 2016, yeye na Jo Miller, aliyeongoza uandishi, waliomba waandishi watume maandiko yasiyo na majina. Tena walifanya jambo dogo ninalolipenda sana. Waliwaeleza waombaji jinsi hati ya kipindi cha usiku inavyopangwa kwenye karatasi, ili ambaye hajawahi kuingia chumba cha waandishi asijulikane kwa mpangilio tu. Walisoma vichekesho wakichekea vichekesho. Majina yalipofunuliwa, karibu nusu walikuwa wanawake. Nakusihi ulikumbuke hilo utakapounda timu yako.

Tangu hapo wanawake wamekuwa wengi kiasi, lakini pembezoni. Chelsea Handler alikuwa ametangulia, miaka saba kwenye kituo cha kebo cha E! kuanzia 2007. Bee mwenyewe alifika 2022, mara moja kwa wiki. Robin Thede alipata msimu mmoja BET, Michelle Wolf vipindi kumi Netflix mwaka 2018, Busy Philipps miezi saba E!. Amber Ruffin, aliyeanza kumwandikia Meyers mwaka 2014 akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuandikia kipindi cha usiku cha mtandao mkuu, alipewa kipindi chake Peacock, kwenye intaneti. Thede, Wolf na Philipps walipewa msimu mmoja tu, na karibu wote walipewa majukwaa ambayo mtazamaji hawezi kuyakuta kwa bahati tu.

Lilly Singh ndiye anayenitia uchungu zaidi katika hawa. Binti wa Kanada mwenye asili ya Kipunjabi, aliyejijengea umaarufu YouTube. Septemba 2019 NBC ilimpa saa 7:35 usiku. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 97, na vilirekodiwa kwa takriban miezi mitatu. Fikiria maana yake kwa mtangazaji. Kipindi cha usiku kinaishi kwa habari za siku hiyo. Ukikirekodi wiki nyingi kabla, huwezi kuzungumzia lililotokea jana. Huwezi pia kujirekebisha, kwa sababu maoni ya watazamaji yanafika wakati umekwisha kumaliza kazi. Conan alipewa wiki 13 baada ya wiki 13 ajisahihishe mbele ya watu. Singh alimaliza mtihani kabla hajaonyeshwa makosa yake. Kipindi kilikoma Juni 2021.

Na sasa kiti chenyewe kinaondolewa. Januari 2024 CBS ilimpa Taylor Tomlinson, mwenye miaka 30, kipindi cha After Midnight kilichoanza saa 6:37 usiku. Alikuwa mwanamke pekee katika mitandao mikuu saa hizo. Mwaka uliofuata akaamua kurudi kwenye maonyesho yake ya jukwaani, na CBS badala ya kutafuta mwingine ikakifuta kipindi. Julai 2025 ikatangaza kwamba hata The Late Show ya Stephen Colbert ingekoma Mei 2026, ikitaja sababu za kifedha. Matangazo ya biashara yamekimbilia mtandaoni, na vijana hutazama vipande asubuhi kwenye simu kama unavyofanya wewe. Kwenye The Daily Show mwanamke, Desi Lydic, anaendesha kwa zamu tu na wenzake. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba enzi hii yote itakwisha bila mwanamke kukaa saa 5:35 kwa muda wa kutosha kuzoeleka. Watu watasema walijaribu, na mimi nakwambia hawakujaribu.

Turudi Mwanza. Mwambie mzee wako kwamba hana haja ya kwenda Marekani. Jirani hapo, NTV Kenya, Amina Abdi Rabar aliendesha The Trend Ijumaa usiku baada ya Larry Madowo, na watu hawakuzima televisheni. Hapa nyumbani Salama Jabir aliwakalisha wasanii kwenye Mkasi ya EATV na maswali yake yakawa gumzo mitaani.

Nafasi ichukue. Lakini usiende kwenye mazungumzo na wazo la kipindi peke yake. Nenda na masharti. Omba wiki 26 kwa maandishi kabla ya tathmini yoyote, na waeleze wazi kwamba katika wiki 13 za kwanza utakuwa unajifunza. Kataa kurekodi vipindi vya mwezi mzima kwa siku mbili, hata wakikwambia wanaokoa gharama za studio. Angalau dakika kumi za mwanzo zirekodiwe siku ya kurushwa. Dai waandishi wawili wanaolipwa, kwa sababu ukiandika peke yako utachoka kufikia wiki ya sita na watasema umeishiwa. Muda wa kurushwa usihamishwe bila ridhaa yako; mtazamaji akikukosa Ijumaa mbili mfululizo anazoea kitu kingine. Na uliza mapema nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kipindi. Akiwa ni mtu ambaye hajakaa nawe hata mara moja, omba kikao naye kabla hujasaini.

Andika haya kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo, juu ya jina la kipindi na orodha ya wageni. Ukimaliza rasimu nitumie niisome kabla hujaipeleka.